Vizibo 150

Konda aliliangalia gunia, akatuangalia sisi, akauliza, “Humo mna nini, dada?” Kabla sijajibu, mwenzangu wa mradi, kijana wa Marangu asiyejua kudanganya, akasema, “Mifupa.” Abiria wa viti vya mbele wakageuka. Ilikuwa Jumamosi mchana, soko la Kilombero hapa Arusha limefurika watu, na jua lilikuwa limeshaanza kuiamsha harufu ambayo sisi wawili tulikwisha kuizoea. Konda akagonga bati mara mbili, gari likaondoka. La pili likafanya hivyohivyo. Tukaishia kukodi bajaji hadi Usa River kwa hela iliyokuwa ya kula wiki nzima.

Lile lilikuwa gunia la tatu mwezi ule, kilo 40 za mifupa ya ng'ombe kutoka buchani. Tulikuwa mwaka wa nne wa uhandisi katika chuo kimoja hapa Arusha, na mradi wetu wa mwisho ulikuwa chujio la kuondoa floraidi, madini ambayo yakizidi huharibu meno na mifupa, kwenye maji ya kunywa kwa kutumia mkaa wa mifupa. Wazo si letu. Mkaa wa mifupa umefanyiwa kazi kwa miaka mingi hapahapa Arumeru, na Wizara ya Maji ina kituo chake cha utafiti wa kuondoa floraidi pale Ngurdoto. Sisi tulitaka kujua jambo dogo tu: mifupa ya bucha zetu, ikichomwa kwenye pipa la kawaida na watu wa kawaida, itayasafisha maji ya kijiji changu kwa kiasi gani?

Nasema kijiji changu kwa sababu nimezaliwa upande wa kaskazini wa Mlima Meru, njia ya kwenda Ngarenanyuki. Nikicheka tu, mtu ameshajua natoka wapi. Meno yangu ni ya kahawia, na yale ya mbele yana vishimo. Nilipokwenda shule ya bweni mkoa wa jirani, wenzangu waliniuliza kama kwetu hakuna miswaki. Nilikuwa napiga mswaki mara tatu kwa siku, hadi fizi zinatoa damu. Sikujua wakati ule kwamba hakuna mswaki unaoweza kuitoa rangi ile, kwa kuwa haikupakwa juu ya jino. Iliingia jino lilipokuwa linaumbwa ndani ya ufizi, katika ile miaka 8 ya mwanzo ya mtoto. Picha zangu zote za sekondari nimefumba mdomo.

Na meno ndiyo sehemu nyepesi ya habari hii. Meno yakishaota na kukomaa, floraidi haiwezi tena kuyapaka rangi ile, lakini mifupa inaendelea kuikusanya maisha yote. Kule kwetu wapo wazee ambao ukiwaita kwa nyuma hawageuzi shingo, wanageuka mwili mzima. Wapo watoto waliokua na miguu iliyopinda, na nilipokuwa mdogo tuliambiwa walianza kusimama mapema mno.

Chanzo ni mlima wenyewe. Meru ni volkano, na miamba na majivu yake yana floraidi nyingi. Mvua inapopenya humo inaibeba. Kwingineko kalisi iliyomo majini huikamata floraidi na kuigeuza jiwe lisiloyeyuka. Maji yetu yana sodiamu nyingi na kalisi kidogo, basi floraidi inabaki huru kutembea. Chemchemi za juu za upande wa kusini zina afadhali, lakini ukizunguka kwenda mashariki na kaskazini kiwango kinapanda, na maziwa ya Momella ndiyo usiseme. Ukivuka kwenda Kilimanjaro, ambao nao ni mlima wa volkano, mito mingi inayoshuka kule ina floraidi kidogo. Mwenzangu alikulia kwenye maji hayo. Ana meno meupe kama tui. Tulipokaa pamoja kuandika andiko letu la mradi, yeye aliiona floraidi kama swali la kemia. Mimi nilikuwa naandika kuhusu mdomo wangu, na sikumwambia hilo hadi mwezi wa pili wa kazi.

Kuna imani mbili ambazo nimekuwa nikipambana nazo tangu hapo. Ya kwanza ni kwamba floraidi inaonekana. Watu wanautaja mto wa Maji ya Chai, wanasema si mnaona rangi yenyewe, hiyo ndiyo inayopaka meno. Hapana. Floraidi haina rangi, haina harufu, na kwa viwango vya maji yetu haina hata ladha. Maji maangavu kabisa yanaweza kuwa nayo. Imani ya pili ni kuchemsha. Kuchemsha kunaua vijidudu, na ni jambo la kufanya, lakini floraidi haifi kwa sababu haikuwa hai. Maji yakipungua sufuriani kwa mvuke, floraidi inabaki palepale, sasa ndani ya maji machache zaidi. Ukitia na magadi ili maharage ya makande yaive upesi, unaongeza nyingine, maana magadi nayo yanabeba floraidi.

Nimesema viwango. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Viwango vya muda vya maji vijijini vya mwaka 1974 hapa kwetu viliruhusu hadi 8, kwa sababu ukikaza zaidi ya hapo unavifungia vijiji vingi chanzo pekee walicho nacho. Baadaye nchi ikashuka hadi 4, na sasa iko kwenye 1.5. Bibi yangu ameishi chini ya tarakimu zote hizo tatu akichota kwenye kijito kilekile. Maji hayakubadilika. Kilichobadilika ni karatasi, na siku tuliyopima kijito kile mara ya kwanza tukapata 5.4, nilikaa nikiwaza kwamba bibi alikuwa sawa kisheria akiwa kijana na amekuwa mkosaji uzeeni.

Niliamua kusoma uhandisi nikiwa kidato cha nne. Mwaka huo, 2015, Dk. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, hapahapa Arusha, alishinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi, ya kwanza kabisa kutolewa na Akademi ya Kifalme ya Uhandisi ya Uingereza, kwa chujio lake la maji. Mwalimu wetu wa fizikia alikuja na gazeti darasani. Wenzangu walizungumzia fedha za tuzo. Mimi nilisikia neno moja tu, maji, na kwamba mtu anaweza kuyafanyia kazi hapa Arusha akiwa mhandisi.

Chuoni nilikuta kwanza tupa. Nafikiri kila aliyepitia karakana ya chuo cha ufundi anajua ninachosema. Unapewa kipande cha chuma, unakibana kwenye jiliwa, unapiga tupa wiki baada ya wiki hadi nyuso zake zote ziwe tambarare na kona zake ziwe kona kweli. Mwalimu wa karakana anaweka skwea, kile kipimo cha kona, anainua kipande kuelekea dirishani. Mwanga ukipenya, hata uzi mmoja, unarudi kwenye jiliwa. Darasa letu tulikuwa watu 62, wasichana 7, na wiki ya kwanza wengi walidhani sisi saba tutahamia fani nyingine. Hatukuhama. Nilitoka na malengelenge viganjani na tabia ambayo sijaiacha, ya kuinua kila kitu kwenye mwanga kabla sijaamini kimekamilika. Nitarudi kwenye tabia hiyo, kwa sababu kuna mahali niliisahau.

Mengine ya maisha ya chuo yanafanana na ya kila chuo. Bumu, ile fedha ya mkopo wa wanafunzi, likichelewa tunakula ugali na mchicha kwa deni kwa mama lishe, ambaye alikuwa na daftari letu na subira kuliko yetu. Madesa ya hisabati, yaani nakala za masomo, yalipita mikono ya vizazi vitatu na bado yalisomeka. Wenzetu wawili walipata disko, yaani waliondolewa chuoni kwa kufeli, mwaka wa pili, mmoja wao alikuwa hodari kuliko mimi wa kufikiri lakini alikuwa analinda usiku kulipia chumba. Hilo bado linaniuma.

Mwaka wa nne ndipo maisha yalipobadilika ladha. Mwanafunzi aliyezoea kupewa swali lenye jibu nyuma ya kitabu anapewa kitu kisicho na jibu, na maabara yenye saa zake. Kazi ya kwanza ilikuwa kuchoma. Shangazi yangu wa Usa River alituachia uwanja wake wa nyuma, tukasimika pipa la lita 200. Mifupa inachemshwa, inasafishwa mafuta, inaanikwa hadi ikauke, kisha inachomwa kwa hewa kidogo, joto likizunguka nyuzi 500 za Selsiasi. Hapo ndipo ufundi ulipo. Joto likiwa dogo, mfupa unatoka mweusi wenye mabaki ya nyama na mafuta, na maji yake yatakuwa na rangi na harufu hakuna atakayeyanywa. Joto likizidi sana, au hewa ikiingia nyingi, mfupa unakuwa mweupe na unapoteza sehemu kubwa ya uwezo wake. Unaotakiwa ni wa kijivu. Tuliharibu mapipa manne kabla hatujaupata ule ukijivu. Majirani walikuja kulalamika moshi, na walikuwa na haki. Tukahamishia uchomaji alfajiri, upepo ukiwa unaelekea mashambani.

Nataka kueleza kwa nini mfupa, kwa sababu ndiko moyo wa jambo zima ulipo. Madini yanayoufanya mfupa kuwa mgumu yanaitwa hidroksiapataiti, na ndiyo yanayofanya jino kuwa jino. Ndani ya madini hayo kuna nafasi ambazo floraidi inazipenda. Ikifika inasukuma kilichokuwamo na kukaa yenyewe, na haitoki kirahisi. Kwa hiyo mfupa wa ng'ombe ulio ndani ya ndoo unafanya kilekile ambacho mguu wa mtoto unafanya. Tunachofanya ni kuutanguliza mfupa wa ng'ombe mbele, maji yaukute huo kwanza.

Siku tuliyopeleka chujio la majaribio kwa jirani wa shangazi, mama mmoja Mwislamu, aliuliza swali ambalo hatukuwa tumelifikiria. “Wanangu, hii ni mifupa ya mnyama gani, na amechinjwa vipi?” Mwenzangu akaanza kueleza kwamba kwenye nyuzi 500 hakuna kinachobaki. Nikamgusa mkono anyamaze. Mama hakuuliza kuhusu joto. Alitaka kujua kilichoingia nyumbani kwake. Tangu siku ile tulichukua mifupa kwenye bucha ambazo yeye mwenyewe alitutajia, tukatenga gunia, tukatenga na chekecheke. Ingekuwa ni kosa kubwa kumwona kama kikwazo cha utafiti. Alikuwa ndiye mtu wa kwanza kuliuliza chujio letu swali la mtumiaji.

Kisha maabara. Floraidi hupimwa kwa elektrodi yenye kioo chembamba cha fuwele ya lanthanamu floraidi kwenye ncha, ambayo inasoma volti ndogondogo. Kiwango cha floraidi kikiongezeka mara kumi, usomaji unabadilika kwa kama milivolti 59, maji yakiwa na nyuzi 25. Lakini Julai Arusha hakuna nyuzi 25. Asubuhi tunaingia na makoti, madirisha yana ukungu, na sampuli zilizolala kwenye kaunta ni baridi kama mto. Nilijifunza kusubiri, sampuli na myeyusho wa kulinganishia vifikie joto moja, hata kama mtu mwingine anapiga foleni ya elektrodi ileile. Nilijifunza kutumia vikombe vya plastiki badala ya bilauri za glasi, maana floraidi haiachani na glasi vizuri. Umeme ukikatika katikati ya vipimo tulirudia vyote, si kile kimoja tu.

Tulijaza mkaa kwenye bomba la plastiki, tukaachia maji ya kijiji yapite taratibu mchana na usiku, tunachukua sampuli kila saa. Tulilala kwa zamu kwenye benchi. Saa tisa usiku, maabara kimya, unasikia tone, tone, na kwa dirishani Meru imesimama nyeusi dhidi ya nyota. Nimewahi kuwa na furaha nyingi, lakini ile ya kuona 0.2 kwenye kioo cha mashine, kutoka kwenye maji yaliyoingia na 5.4, sijui niifananishe na nini. Nilimpigia mama simu usiku uleule.

Matokeo yanachorwa kwenye mchoro. Mwanzo mstari unalala chini kabisa: maji yanatoka safi, safi, safi. Halafu kuna mahali mstari unajikunja na kuanza kupanda, hadi unafikia kiwango cha maji yanayoingia. Hapo mkaa umejaa. Kila nafasi imekaliwa, na floraidi inapita tu kama mtu anayepita mbele ya nyumba iliyofungwa.

Fundi sanifu wa maabara yetu, ambaye sote tulimwita Mzee, alikuwa anafagia karibu nasi tukiushangilia mchoro ule. Akaweka kidole kwenye ile kona. “Hapa chujio limechoka, siyo?”

“Ndiyo, Mzee.”

“Sasa likichoka, mtajuaje?”

“Tutapima, Mzee.”

“Na huyo bibi yako atapima na nini?”

Tulicheka kwa heshima na kuendelea na kazi. Kwenye ripoti tuliandika, ukurasa wa 71, sentensi moja: mkaa ubadilishwe kila baada ya miezi 6. Tulitetea mradi mbele ya jopo kwa dakika 20. Walituuliza kuhusu ukubwa wa chembe, kasi ya maji, gharama ya mkaa kwa kilo. Hakuna aliyeuliza swali la Mzee. Tukapata alama A.

Vyujio vitatu tuliviacha kijijini, kimoja kwa bibi. Ndoo ya lita 20, mkaa kilo 10, bomba chini. Bibi alikionja kikombe cha kwanza, akatikisa kichwa. “Mbona ni maji tu?” Nikamwambia ndiyo, Bibi, ndivyo yanavyotakiwa kuwa.

Nikapata kazi ya mkataba kwenye ujenzi Dodoma. Kila Jumapili nilimpigia. Niliulizia afya, nikaulizia ng'ombe, nikaulizia mahindi. Sikuulizia chujio. Miezi 6 ikapita, ikawa 10, ikawa 16. Nilikuwa na sababu, kila mtu ana sababu. Mkataba, nauli, msimamizi mkali. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyokuwa ndani ya ndoo ile.

Niliporudi Desemba nilikuta nyumba imejaa. Binamu yangu alikuwa amewaleta watoto wake wawili wakae na bibi, mdogo ana miaka 3. Chujio lilikuwa mahali pake, limefunikwa kwa kitambaa kilichofumwa, bomba linang'aa kwa kusuguliwa. Yule mdogo alikuja na kikombe chake cha bati, akafungua mwenyewe, akanywa, akafuta mdomo kwa mkono.

“Tunalitunza,” bibi akasema. “Maji ya mtoni sasa hivi hatunywi kabisa.”

Nilichota sampuli kwenye chupa ya plastiki, nikamwambia ni kawaida tu. Siku ya tatu nilikuwa maabara na Mzee. Ilisoma 5.1. Alipima tena bila mimi kumwomba. 5.1. Hakusema neno kuhusu lile swali lake, na nilimshukuru kwa hilo, ingawa ningestahili kuambiwa.

Nilikaa chini ya mti nje ya maabara nikapiga hesabu ambayo ingepaswa kuwa ukurasa wa kwanza wa ripoti. Tuseme gramu moja ya mkaa wetu inashika miligramu 2 za floraidi. Kilo 10 zinashika gramu 20. Kila lita inaacha humo takribani miligramu 5. Gramu 20 kwa miligramu 5 ni lita 4,000, yaani ndoo 200. Bibi akiwa peke yake, ndoo moja kwa siku, ni siku 200, ndiyo ile miezi 6 na kitu tuliyoiandika. Lakini watoto walipokuja, nyumba ilianza kutumia ndoo mbili. Siku 100. Hata kama ningerudi kwa ile ahadi ya miezi 6, ningekuwa nimechelewa karibu nusu ya muda. Chujio halijui miezi. Linajua ndoo.

Ndipo nilipouona mwanga ukipenya chini ya skwea. Tulikuwa tumepima kila kitu kilichopimika maabara, tukakitengeneza kitu ambacho kinapokufa hakibadiliki rangi, hakinuki, hakivuji, bomba lake linaendelea kutoa maji maangavu, na tukakikabidhi kwa mtu ambaye hana njia yoyote ya kujua. Mbaya zaidi, tulikuwa tumempa imani. Kabla ya chujio bibi alijua maji ya mto yana matatizo, na mvua ikinyesha alikuwa anakinga ya bati kwa ajili ya kunywa. Baada ya chujio aliacha kukinga. Kwa ile miezi ambayo mkaa ulikuwa umekufa, chujio langu lilimfanya mtoto wa miaka 3 anywe floraidi zaidi kuliko kama nisingekuja kabisa.

Siandiki haya kuwavunja moyo wanaofanya kazi hii. Jawabu bora kuliko yote ni kutafuta maji mazuri na kuyaleta kwa bomba; jiji la Arusha lina mradi mkubwa wa zaidi ya shilingi bilioni 500 uliokwenda kuchimba visima hadi upande wa wilaya ya Hai, na kila nyumba inayofikiwa na bomba la maji mazuri haihitaji ndoo yangu. Lakini milima ina mabonde, na bomba halipandi kila bonde kwa wakati mmoja. Kwa nyumba hizo chujio litakuwepo, na naamini kwa dhati kwamba utafiti wa chujio lolote ambao hauna sura nzima kuhusu siku ya kuchoka kwake haujakamilika, hata ukiwa na michoro mizuri namna gani. Vyuo vyetu vinafundisha vizuri jinsi ya kukianzisha kitu. Miezi minne ya uchomaji tuliipa sura tatu. Siku ambayo bibi angeanza kunywa sumu tena bila kujua tuliipa sentensi.

Tulichoma mkaa mpya Januari. Mwenzangu alikuja kutoka Moshi kwa siku zake za likizo, hakulalamika, alibeba gunia mwenyewe. Niliwaza vihisio, taa nyekundu, mita ya maji yenye tarakimu. Kila nilichowaza kilihitaji betri, au hela, au mimi. Ndipo nilipomwona bibi akipokea maziwa ya jirani. Kila chupa anayopokea anachora mstari wa mkaa kwenye nguzo ya jiko, na mwisho wa mwezi wanahesabu pamoja na hawajawahi kugombana.

“Bibi, ukiambiwa uhesabu ndoo 200, utahesabuje?”

“Kwani mimi sijui kuhesabu?” Akaniangalia kama mtoto aliyekosa adabu. “Lete maharage. Kila ndoo, harage moja.”

Tukaweka maharage kwenye kopo. Wiki ya tatu fukusi waliyatoboa, na kuku walikula mengine yaliyomwagika, hesabu ikapotea. Watoto ndio waliokuja na vizibo vya soda. Walivikusanya dukani, barabarani, kwenye sherehe ya kipaimara ya jirani. Niliwaambia walete 150, si 200, maana mhandisi anaacha nafasi ya usalama: mkaa wa pipa haufanani wote, na ndoo nyingine hujazwa hadi pomoni. Vizibo vyote vinakaa kwenye kopo la maziwa ya unga juu ya chujio. Ukimimina ndoo, unatoa kizibo kimoja na kukitupia kwenye kopo la pili. Yule wa miaka 3 ndiye mwenye kazi hiyo, na hakuna anayeruhusiwa kumimina maji asipokuwepo. Nyumba nyingine mbili nazo zina makopo yao. Moja inatumia kokoto.

Jana jioni simu iliita nikiwa najipikia. Ni bibi, na nyuma yake nilisikia bati likigongana na bati.

“Shikamoo Bibi.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Vimebaki kumi na vitatu.”

Ndoo mbili kwa siku, ni siku 6 na nusu. Mifupa iko juani kwa shangazi tangu Jumatatu, na keshokutwa alfajiri tunawasha pipa.